Sweta ya Mzee wa Midia na Uzi Mweusi Begani

Msimu wa mvua uliopita mgeni mmoja wa shirika alifika Midia, akamkuta mzee ninayelima kwake amekaa chini ya mwembe, amevaa sweta yake ya kijani. Mgeni hakuuliza habari ya mihogo wala ya mvua. Alishika mkono wa ile sweta, akauminya kati ya vidole, akaomba aone lebo ya shingoni. Lebo ilishafutika zamani. Hata hivyo macho yalimwaka. Akaniambia mimi, kwa sababu siku hiyo nilikuwa mkalimani: "Hii ni sweta halisi ya jeshi. Kwetu kuna watu wanazikusanya. Ningeinunua. Bahati mbaya tu, hapa mabegani imeharibiwa."

Alichokiita kuharibiwa ni hiki. Mahali palipokuwa na ukanda wa begani, ule wa kuvishia alama ya cheo, pamekatwa kwa wembe. Shimo lililobaki limeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa, mmoja huku mwingine kule, kama ya mtu aliyeshona gizani. Kumbe kweli ilishonwa gizani.

Nikamjibu pale pale: "Haiuzwi." Jibu hilo lilikuwa na kosa, na nitalirudia mwishoni. Lakini njia nzima ya kurudi Lobule nilikuwa naibishia kichwani ile hukumu yake. Gazeti letu hili limezoea kuhakiki mashairi, nyimbo na michezo ya kuigiza. Leo naomba ndugu msomaji uniruhusu nihakiki sweta. Maana hapa kwetu nguo ya jeshi inasomwa kila siku kuliko kitabu chochote, na mtu akiisoma vibaya anaweza kulala rumande, au pabaya zaidi.

Tuanze na kitu chenyewe. Sweta ya jeshi ya mtindo wa Kiingereza inafumwa kwa sufu nzito, na uzi wake umepangwa kwa mistari iliyosimama kama mbavu. Hizo mbavu si pambo. Zinaifanya sweta ivutike ukiinua mikono na irudi kukubana ukiishusha, upepo usipate mlango. Mabegani na kwenye viwiko kuna viraka vya kitambaa kigumu cha pamba. Vya begani ni kwa ajili ya mkanda wa bunduki na uzito wa mzigo. Vya viwiko ni kwa ajili ya mtu anayelala kifudifudi na kuegemea. Nguo nyingine zinaficha kazi yake, hii inaitangaza. Ukiiona imetundikwa tu kwenye msumari, bila mtu ndani, tayari unajua mwili ulioivaa ulitakiwa kufanya nini.

Tena sufu ina tabia yake. Inanyonya unyevu mwingi kabla hujahisi umelowa, na hata ikilowa bado inabaki na joto kidogo. Pamba ikilowa inakugeuka. Kwa hiyo wavuvi ndio walioijua sufu kabla ya wanajeshi. Kule kwenye visiwa vya Jersey na Guernsey, kati ya Uingereza na Ufaransa, watu walifuma fulana nzito za kuvaa baharini. Jina la kisiwa cha kwanza ndilo limefika kwetu likawa "jezi", nasi tumelihamishia kwenye mpira wa miguu. Kadigani nayo imepata jina kwa Lord Cardigan, ofisa wa Kiingereza aliyeongoza wapanda farasi wake kwenye mizinga huko Balaclava mwaka 1854. Balaclava yenyewe imegeuka jina la kofia ya kufunika uso. Halafu katika Vita ya Pili ya Dunia makomando wa Uingereza wakavaa pulova za mbavu, na baada ya hapo mtindo ukaenea kwa majeshi, polisi na walinzi dunia nzima. Basi mtoto wa shule anayevaa kadigani asubuhi ya baridi Koboko amebeba jina la ofisa wa vita bila kujua, na hiyo haimzuii kupata joto.

Huku kwetu ilifikaje? Ilipita kwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Kikosi chake cha Uganda, cha nne, kilikuwa na mizizi kwa Wanubi, wale askari wa Emin Pasha ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. West Nile ilipoingizwa Uganda mwaka 1914, Waingereza walikuja kuamua kwamba watu wa huku wanafaa kuwa askari, kwa hiyo wakawaandika jeshini wengi kuliko walivyowajengea shule. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni Wakakwa wa hapa Koboko, aliingia Keya mwaka 1946. Katika picha za Keya wa zamani utaona kitu cha kukufanya ufikiri: askari amefungwa kifua vizuri, mikanda, vifungo, lakini miguu yake ni peku. Hadi Vita ya Pili hilo lilikuwa jambo la kawaida. Serikali ilimvika sehemu ile inayoonekana kwenye gwaride.

Keya hao hao ndio waliokileta Kiswahili huku. Waganda wengi hadi leo wakisikia Kiswahili wanasikia buti na kizuizi cha barabarani, kwa sababu ndivyo walivyokutana nacho. Kiswahili cha mzee wangu kimenyooka kama amri: "Leta kiti. Kaa. Kula." Hana "tafadhali" hata moja, na sijaona mtu mkarimu kumshinda. Mimi nimetoka Ituri na Kiswahili changu cha Kongo, chenye kuzunguka zunguka. Tulipokutana mara ya kwanza kila mmoja alimcheka mwenzake kimoyomoyo. Ninaona lugha hii na ile sweta ni ndugu wa tumbo moja. Zote zilitoka kambini kwa wanajeshi, zote zinatisha mtu asiyezijua, na zote zimekaa nyumbani kwa watu muda mrefu hadi zimepata harufu ya moshi wa jikoni.

Sasa nije kwenye mkusanyiko wa mzee. Ana sweta tano kwenye sanduku la bati, zimepangwa pamoja na majani ya mwarobaini kufukuza nondo. Yeye hasemi "anakusanya." Anasema tu, "Mimi iko na sweta tano." Lakini siku ya jua anazitoa, anazianika kwenye kamba kwa mpangilio ule ule, na anakaa karibu. Kama huko si kukusanya, basi sijui kukusanya ni nini. Nitazihakiki moja moja.

Ya kwanza kwenye kamba ni ya buluu nzito, ya mitumba, aliinunua soko la Koboko. Lebo yake bado ipo: alama ya mshale wa mali ya serikali ya Uingereza, kipimo cha kifua, na namba inayoanza na 8405-99. Namba 8405 ni fungu la mavazi ya wanaume katika hesabu za majeshi ya NATO, na 99 ni Uingereza. Sufu tupu, viraka vizima, sidhani iliwahi kuvaliwa. Mgeni wetu angeiona hii angeruka. Mimi naisifu kazi ya mfumaji, lakini nikiitazama nasikia kimya. Ni kitabu kilichopigwa chapa na hakijafunguliwa. Kitu pekee kinachonigusa ni ile namba. Familia yangu pia ina namba kwenye kadi, na ninajua kupewa namba si sawa na kujulikana.

Ya pili ni ya mlinzi. Mzee alilinda geti mjini Arua miaka kadhaa, usiku, akiwa na tochi na rungu. Kwa macho ni ndugu ya ile ya kwanza: buluu, mbavu, viraka mabegani na kwenye viwiko. Lakini si sufu. Akina mama wa soko wana kipimo chao: chomoa uzi mmoja, uwashe. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki majivu unayoweza kuyasaga kwa kidole. Uzi wa kiwandani unayeyuka, unakuwa kidonge kigumu. Hii ilikuwa kidonge. Mwenye kampuni alimpa mtu wa rungu kiraka cha kubebea bunduki ambayo hakupewa, halafu akabana hela kwenye joto lenyewe. Ni sweta ya kuogopesha wezi, haikukusudiwa kumpasha joto mzee. Kama kazi ya sanaa naiita mbaya, lakini inasema ukweli kuhusu aliyeinunua.

Ya tatu ni ya kahawia. Aliiacha mgeni kutoka Sudan miaka ya 1990, alipokimbia vita akalala kwa mzee wiki nyingi. Viwiko vyake vimetoboka, na mke wa mzee ameweka viraka vya jinzi. Ukiitazama mbele ni sweta ya jeshi, ukiitazama nyuma ya mikono ni ya mkulima. Hapa ndipo mtindo wenyewe unapopata akili: kiraka cha kiwandani kiliwekwa kabla ya tundu, kwa kubashiri. Kiraka cha mama kimewekwa baada ya tundu, kwa kujua.

Ya nne ni ile ya kijani. Mzee alipewa akiwa kijana jeshini, wakati wa Amin. Mwaka 1979 Kampala ilianguka mwezi wa 4, na kufikia mwanzo wa mwezi wa 6 jeshi la Tanzania lilikuwa limefika mpaka huku West Nile. "Waliokuja walisema Kiswahili," mzee huniambia. "Sisi tuliokimbia tulisema Kiswahili. Huwezi kujua kwa mdomo. Unajua kwa nguo." Kwa hiyo alichoma nguo. Shati, suruali, kofia, vyote. Sweta akaishika mkononi mbele ya moto akashindwa. Njia ya kwenda Zaire ni ya kulala nje, na mke wake alikuwa na mtoto mchanga. Akachukua wembe, akakata mabega. Alipofika upande wa pili mama yake akashona mashimo usiku, bila taa, kwa uzi mweusi, kwa sababu ndio uzi uliokuwepo. Mtoto alilala ndani ya sweta hiyo. Mwaka uliofuata, baada ya mapigano ya mwezi wa 10, watu wengi wa West Nile wakafuata njia ile ile, wengine Zaire, wengine Sudan, wakakaa huko miaka.

Nyinyi wenzangu wa Lobule, mkisikia wenyeji wanasema "hata sisi tulikuwa wakimbizi", msifikiri ni maneno ya mkutano. Sisi tumetoka Kongo kuja huku. Wao walitoka huku kwenda Kongo. Ushahidi ni ule uzi.

Ya tano ni ya mtoto, ndogo kama mkono wangu. Binti ya mzee aliifuma kutokana na sweta kuukuu ya kijani iliyokuwa imeliwa na nondo. Aliifumua, akafua uzi, akaunyoosha kwa kuutundika na jiwe, akafuma upya. Halafu, bila mtu kumwambia, akaweka viraka mabegani vya kitenge chekundu. Nikamuuliza vya nini, mtoto habebi bunduki. Akasema, "Ya babu ina viraka." Tu. Katika tano zote hii ndiyo inayoniletea furaha, kwa sababu imechukua umbo la jeshi ikaacha kazi ya jeshi. Begani kwa mtoto yule panakaa kichwa cha mdogo wake anapombeba.

Mpaka hapa mtu atasema, mwalimu anapenda sweta. Ngoja nikueleze upande wa nyumbani kwangu.

Kijana wangu ana miaka kumi na saba. Alipata vibarua, akaenda soko la Koboko, akarudi na sweta ya kijani ya mbavu, viraka, ukanda wa begani, kila kitu. Vijana wanaziona kwenye video za muziki, na kusema kweli inampendeza, inamjaza mabega. Alipoingia uani mama yake alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulimwanguka. Hakupiga kelele. Alisimama kati ya mlango na watoto wadogo, mikono ameitandaza, na alimtazama mtoto aliyemzaa mwenyewe kana kwamba hamjui. Wale wanaotoka vilima vya Djugu hawahitaji niwaelezee. Ilichukua muda kabla hajasema, "Vua."

Kijana alilia kwa hasira. Anasema ni nguo tu, alinunua kwa jasho lake. Na mimi, mwalimu wa maneno mengi, sikujua niko upande gani.

Kuna pia sheria. Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 inamkataza raia kukutwa na vitu vya jeshi bila ruhusa, na mwezi wa 9 mwaka 2019 serikali ilitangaza kwenye gazeti lake rasmi mavazi ambayo ni ya jeshi peke yake, bereti nyekundu ikiwemo. Sweta ya mitumba yenye lebo ya Uingereza si sare ya Uganda, unaweza kubisha hivyo mchana mbele ya hakimu. Lakini saa nne ya usiku barabarani, askari mwenye tochi hasomi lebo. Anasoma mabega. Na mkimbizi ndiye wa mwisho kuaminiwa anapojieleza.

Kwa hiyo mjadala wa wakusanyaji na mjadala wetu ni tofauti kabisa. Ninawaheshimu wakusanyaji, nisieleweke vibaya. Wanajua sufu kuliko sisi. Wanajua lebo ya mwaka upi, kiwanda kipi, mfumo upi wa shingo. Bila wao nguo nyingi zingeishia matambara ya kufutia injini. Wakiona sweta wanauliza, je, ni halisi? Kwao halisi ina maana haijabadilishwa tangu itoke kwa serikali: cheo kipo, vifungo vipo, hakuna mkono wa fundi. Kadiri watu walivyoigusa kidogo, ndivyo bei inavyopanda.

Kwetu uhalisi wa namna hiyo ndio hatari yenyewe. Sweta ambayo bado ni ya serikali inaweza kudaiwa na serikali, au na waasi, au na kumbukumbu ya mama watoto. Inakuwa ya mtu siku anapoikata. Ndiyo maana nasema mgeni aliisoma sweta ya kijani kichwa chini. Mwili wote wa ile sweta ulitengenezwa mbali na watu wasiomjua mzee. Sehemu pekee iliyotengenezwa kwa ajili yake ni ile mishono michafu ya mama yake. Ukiniuliza nihukumu kazi hiyo kwa macho ya fundi, ni mbaya: mishono mirefu mno, inavuta sufu, bega la kushoto limekunjamana. Lakini ilishika tangu 1979. Fundi gani mjini anatoa dhamana ya namna hiyo?

Tulichofanya na sweta ya kijana ni hiki. Siku ya tatu nilimpeleka Midia kwa mzee, nikamwacha asikie hadithi bila mimi kuongeza neno. Mzee akatoa wembe, akamwekea mapajani. Hakusema "kata." Kijana alikaa kimya kirefu, kisha akakata mwenyewe, bega moja, halafu la pili. Binti ya mzee akampa kitenge cha njano. Sasa ana sweta ya kijani yenye mabega ya njano, inaonekana kutoka mbali kama ndege fulani wa ajabu. Rafiki zake walimcheka wiki moja. Mama yake bado hataki ianikwe karibu na mlango, ianikwe nyuma ya nyumba. Tumefika hapo, hatujafika mbali zaidi.

Sasa lile kosa langu. Nilipomweleza mzee jinsi nilivyomjibu mgeni, nilitegemea anishike mkono. Alinitazama. Akasema, "Mwalimu, wewe iko na sweta?" Nikasema hapana. "Sasa kwa nini wewe nakataa kuuza?" Akaendelea: mjukuu anadaiwa karo, mama yake aliyeshona alishazikwa, na yeye mwenyewe siku hizi akivaa sufu anawashwa shingo. Sweta nne nyingine ziko. Hadithi anayo kichwani, haiko kwenye mbavu. Nilibaki nimeshika kofia yangu. Kumbe na mimi nilikuwa mkusanyaji, tena wa aina mbaya, ninayekusanya vitu vya wenzangu bila kulipa.

Ameniruhusu niandike bei. Ni mbuzi wawili wakubwa, jike, au thamani yake kwa shilingi siku hiyo sokoni. Na sharti moja: uzi mweusi usifumuliwe, mabega yasirudishwe. Anasema anayetaka sweta ya jeshi aende Uingereza, zipo. Hii ni ya mama yake.

Kwa hiyo wewe mgeni wetu, kama toleo hili limekufikia ofisini: njia unaijua, mwembe unaujua. Njoo siku ya jua, zitakuwa kwenye kamba, ya kijani ni ya nne. Safari hii sitatafsiri. Utazungumza naye mwenyewe.